Jiwe Lililomtwisha Mama Mkwe

Tangu niliporudi mmeniuliza msikitini, sokoni na kwenye kikundi chetu cha maandazi, na kila mmoja nimemjibu kipande tu. Matokeo yake habari imeanza kutembea bila mimi. Mmoja wenu amesikia nimepata dhahabu, mwingine amesikia nilifungwa. Basi naandika yote mara moja, msome, mpokezane, kisha mniache nikae.

Hali ya mama mkwe wangu, Bi Somoe, mlikuwa mnaijua. Aliteleza uani wakati wa mvua, mguu ukavunjika. Ulifungwa, ukaunga, na daktari akatuambia aanze kusimama. Akakataa. Tungeelewa kama angejaribu akashindwa, lakini hakutaka hata kujaribu. Mume wangu na dada yake walimshika huku na huku, naye akajilegeza kama nguo iliyolowa maji. Daktari akatuonya kwamba akiendelea kukaa, miguu itasahau kazi yake na hatatembea tena maishani. Niliogopa sana. Mama yule ndiye aliyenipokea nilipoolewa, akanifundisha hata kupika kisamvu cha nyumba yao, na sikuweza kuuwaza ua wetu bila yeye kupita akikosoa kazi ya kila mtu.

Siku moja, amechoka na kubembelezwa, akasema, "Siku mtakayoniambia wifi yangu wa jiwe bado amesimama, na mimi nitasimama. Kama ameanguka, niacheni nikae."

Habari za huyo wifi tulizijua kwa kusimuliwa. Bi Somoe aliolewa Mkunya, juu Newala, enzi ambazo maji yalikuwa chini bondeni na wanawake wakishuka ukingo na kupanda tena na mitungi kichwani. Kwa desturi, bibi harusi mgeni husindikizwa majini na wifi yake, ambaye ndiye humtwisha mtungi. Wifi wa Bi Somoe alipenda usingizi. Kwa hiyo bibi harusi akaenda peke yake, na kwenye mgongo wa mlima akakuta jiwe la kutengenezwa, limesimama, linafika kifuani, juu bapa, katikati lina chuma. Ukitua mtungi pale unapumzika, kisha unainama kidogo, unaingiza kichwa, unaondoka nao bila msaada wa mtu. Wanawake wakaliita Wifi.

Wenzangu walicheka. Mimi nimefundisha jiografia mpaka kustaafu, sikucheka. Jiwe la kutengenezwa, juu ya mlima, chuma katikati: hiyo ni bikoni ya wapima ardhi wa zamani, ile inayochorwa kwenye ramani kama pembetatu yenye nukta ndani. Nimeichora ubaoni miaka yote hiyo na sijawahi kuigusa yenyewe. Nikachomoa ramani yangu kuukuu chini ya godoro. Kwenye ukingo wa uwanda upande wa Newala palikuwa na pembetatu tatu. Mume wangu akachungulia, akasema zote zilishachimbuliwa zamani na goti langu halifai kwa milima. Sikuwa nimeamua kwenda mpaka aliposema hivyo.

Wifi yangu, Mama Zuhura, akasema atanisindikiza. "Mke wa kaka yangu akipotea," alisema, "nani atatupikia?"

Masasi hadi Lupaso

Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na usafiri wa haraka tulioupata ulikuwa pikapu iliyobeba mifuko ya salfa. Tulikaa juu ya mifuko. Mmoja ulikuwa na tundu, na kila gari liliporuka shimo, unga wa njano ulitupiga usoni. Kabla hatujafika mbali tairi likapasuka, na dereva akagundua kwamba jeki ameiazimisha kwa shemeji yake. Alitueleza kwa utulivu kabisa, kana kwamba jeki ni kitu ambacho kwa desturi hukaa kwa shemeji.

Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likawa kali. Mama mmoja aliyekuwa akichimba ming'oko, vile viazi vya porini, kichakani akatuhurumia, akatupeleka kwake. Alikuwa na chungu kilichochemka tangu asubuhi. Tulikula ming'oko kwa chumvi na pilipili, tukashushia maji. Mama Zuhura alipoona ninachukua mwingine na mwingine, akamwambia mwenyeji, "Msamehe dada, huyu tumemwoa Masasi mjini, hajawahi kushiba." Mwenyeji akanijazia sahani.

Tulifika Lupaso alasiri, wa njano kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Pale anakaa Mjomba Bakari, mdogo wake Bi Somoe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mnatoka kupakwa singo kwenye harusi ya nani?"

Tulipomweleza safari yetu, alicheka kidogo, kisha akawa makini kwa ajili ya dada yake. Akasema jiwe lile analijua vizuri. Aliitazama ramani, akaweka kidole kwenye pembetatu ya kwanza, bila kusita. "Hapa. Wanawake wa Mkunya walifuata maji mbali siku zile. Nilikuwa nikienda kumtembelea dada, naliona kwa macho yangu haya." Alituchinjia kuku, na tulikula ugali wa muhogo tukiwa na furaha ya watu ambao kazi yao imeshakwisha. Sikumuuliza hata mara moja kama aliwahi kushuka majini.

Ukingo wa kwanza

Kesho yake bodaboda zilitupandisha uwandani, zikatuacha penye kijiji ambacho sitakitaja, kwa sababu mtakazosoma. Kutoka hapo tulitembea. Vichaka vya ule ukingo havina huruma. Vimesukana, vina miiba inayorudi nyuma, na ukisogea hatua unabaki umeshikwa gauni. Goti langu lilianza kuzungumza mapema. Mama Zuhura alitangulia na panga aliloazima, akikata na kulalamika, na nilimpenda sana siku ile ingawa sikumwambia.

Tulipofika juu, pembetatu yangu ilikuwa shimo. Shimo refu la kumeza mtu, na pembeni vipande vya zege vimetupwa kama mifupa iliyotafunwa. Kuna watu wanaoamini kwamba Mjerumani alifukia mali chini ya kila jiwe lenye chuma. Nilikaa kwenye udongo ule nikalia. Nilimwona akilini Bi Somoe amekaa kwenye mkeka wake, na mimi naingia mlangoni na habari ile.

Tulipogeuka tuondoke, tukakuta wanaume wanatutazama. Wanawake wawili wageni, ramani, panga, kando ya shimo. Wakatupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mashine mmeficha wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Mashine gani, baba?"

"Ya kunusa mali."

Nilimweleza habari ya mama mkwe, mguu, mtungi na desturi ya wifi. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniambia katika maisha yake amesikia uongo mwingi wa watafuta mali, lakini huu umeshonwa vizuri kuliko yote. Mama Zuhura akaangua kicheko, akashindwa kujizuia, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa, maana mwizi hacheki hivyo. Mwenyekiti akatupa maji ya kunywa na kutusindikiza mpaka barabarani. Kabla ya kuagana akaninong'oneza, "Lakini mwalimu, mkipata huko mbele, kijiji kisisahauliwe."

Ukingo wa pili

Pembetatu ya pili, iliyokuwa njiani kuelekea Mkunya, niliiona kwa mbali kabla ya kuifikia, au niseme niliona kilichokaa mahali pake. Palisimama mnara wa simu, umezungushiwa uzio. Mlinzi alikuwa kijana mchangamfu anayependa kuongea, kwa kuwa kule juu hana wa kuongea naye. Alituzungusha uzio mzima tukitafuta. Mama Zuhura akaona kitu cheupe chini ya ngazi, tukakimbilia, ikawa ndoo ya rangi.

"Mama, kama bikoni ilikuwepo," mlinzi alisema, "imelala chini ya hili zege. Lakini mtandao hapa ni mzuri sana. Hamtaki kupiga simu?"

Nilipiga nyumbani. Mume wangu alisema mama ameacha pia kukaa kibarazani. Sasa anataka chakula kiletwe kitandani. Hakunitania. Hilo ndilo lililonitisha, mume wangu kuacha utani. Nilikata simu, nikamwambia wifi yangu imebaki moja.

Mkunya

Pembetatu ya tatu ilikuwa zaidi ya Mkunya, mahali ukingo unapotazama bonde la Ruvuma. Tulipata mahali pa kulala kwa ndugu wa mbali, na asubuhi nikaanza kuuliza. Nilifanya kama mtu yeyote wa kwetu angefanya: nilikwenda kwa wazee wa kiume. Niliwaamkia barazani, nikasalimia nje ya msikiti, nikamfuata mwenye mikorosho mingi kuliko wote aliyekuwa akikagua maua ya miti yake. Wote waliniheshimu na wote walinijibu kwa uhakika.

Mmoja alisema jiwe la namna hiyo halijawahi kuwepo. Wa pili alisema liko, akanielekeza kwenye kaburi la mtu. Wa tatu akasema kule ninakoonyesha hakuna njia, hapajawahi kuwa na njia, na hata ngedere hupazunguka. Niliitazama ramani na kile kichaka kilichosimama kama ukuta, nikaona mzee anasema kweli. Jioni ile nilimwambia Mama Zuhura turudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira na kila mtu, kuanzia Mjerumani.

Asubuhi, wakati nafunga mizigo, wenyeji wetu walikuwa wakikinga maji bombani, na Mama Zuhura akaenda kusaidia. Ndoo ilipojaa akashindwa kujitwisha peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni natafuta kandambili yangu.

"Angalieni," aliwaambia wanawake wa bombani, "tumeoa wifi wa kupamba ukuta. Mtu anashindwa kunitwisha hata ndoo."

Bibi mmoja aliyekaa juu ya dumu lake akacheka mpaka akakohoa. Ndiye Bibi Hawa, ambaye mtamsikia tena. Akasema, "Ungekuja zamani, ntoto, ungekwenda kwa Wifi wa jiwe. Yule hana uvivu."

Kandambili niliiacha.

Nilimuuliza yuko wapi, akanyoosha mkono upande uleule wa ukuta wa kichaka. Nikamwambia wazee wamesema hakuna njia. Bibi Hawa alinitazama kwa huruma.

"Uliwauliza wanaume? Sasa wao walifuata nini majini? Njia ile ilikuwa yetu. Tangu bomba lije hatujapita, imefungwa na miti. Lakini ipo."

Hapo ndipo nilipokumbuka Mjomba Bakari na macho yake yale. Alipomtembelea dada yake, alikaa barazani akaletewa maji.

Njia ya maji

Sikuomba kusindikizwa. Nilipomtaja Bi Somoe tu, wakajikusanya. "Somoe yule mrefu? Aliyekuwa akipanda anaimba?" Walikuja watu wazima watupu, mabibi wenye fimbo na mama wenye mapanga, mmoja amebeba mihogo ya kuchoma kwa sababu, alisema, safari bila muhogo ni uzururaji. Bibi Hawa akajaza ndoo maji ya bomba.

"Ya nini, bibi? Si tunakwenda njia ya maji?"

"Kwa Wifi hatwendi nkono mtupu," alisema. "Nawe ndiye mke uliyeolewa, ndoo ni yako. Wifi yako akutwishe."

Mama Zuhura akainama, akainyanyua ndoo, akaniwekea kichwani juu ya kata ya kanga, na akanong'ona, "Ukimwaga nitasimulia Masasi nzima." Tangu niolewe ilikuwa mara ya kwanza kunitwisha.

Njia ilikuwepo. Ukiingia kichakani hatua chache, unahisi kwa miguu kwamba ardhi imekaa chini kidogo, imekanyagwa na watu wengi kwa muda mrefu. Lakini miti ilikuwa imeota katikati yake. Mabibi walibishana kila penye kona. Mara moja walituongoza kwa uhakika mkubwa, wakiimba, tukatokea kwenye shamba la muhogo la mtu aliyetushangaa akiwa na jembe mkononi. Bibi Hawa akamwambia shamba lake ndilo lililopotea. Tukarudi, tukakata upande mwingine. Mimi maji yalinimwagikia shingoni, mgongoni, kila mahali, na nusu ya ndoo nadhani niliivaa. Goti liliuma kweli, sitasema uongo, lakini nilikuwa mbele ya wanawake waliopita pale na mitungi na watoto mgongoni, nikaona aibu kuchechemea.

Kisha kichaka kikafunguka na upepo wa bondeni ukatupiga. Wa mbele akasimama. Mmoja baada ya mwingine tukafika, tukasimama nyuma yake.

Kulikuwa na shimo.

Halafu Mama Zuhura akanishika mkono, akaninyooshea kidole nyuma ya shimo, kwenye kichuguu cha majani yaliyotambaa. Alikwenda akayavuta. Yakatoka kwa mkupuo, na chini yake palikuwa na zege, la kijivu, lenye kuvu, limeinama kidogo upande wa bonde, na limesimama.

Shimo lilikuwa limechimbwa kando yake tu, halikufika mbali. Ndani yake tulikuta mpini wa jembe na kiatu kimoja cha mpira. Kulizunguka jiwe lote, ardhini, vilijaa vigae, vigae vya mitungi juu ya vigae, ambavyo mchimbaji alianza kuvifukua alipopiga jembe. Bibi Hawa alitazama kiatu, akatazama vigae, akakaa chini kwa kicheko.

"Alidhani ni ntambiko," alisema, akifuta machozi. "Alidhani kaingia kwa mizimu. Amekimbia na kiatu kimoja. Kumbe mitungi yetu tu tuliyovunja tukijifunza kujitwisha."

Walianza kuonyeshana vigae na kudaiana. Huyu alisema kile cha mistari kilikuwa chake, alipigwa na mama mkwe kwa ajili yake. Mwingine akasema mtungi ule alivunja makusudi apate mpya. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikiwa na furaha ambayo sijui niipimeje. Wale waliojipinda kwa aibu miaka ile, wakirudi nyumbani bila mtungi, ndio waliolilinda jiwe. Nadhani nilikuwa nalia tena, lakini nilikuwa nimelowa kiasi kwamba hakuna aliyejua.

Nikasogea kuitua ndoo. Bibi Hawa akanizuia kwa fimbo.

"Ngoja. Kwanza yeye anywe."

Hiyo ndiyo desturi yao. Aliyepanda na maji, kabla hajanywa, humpa Wifi kiganja kimoja, kwa kuwa yeye hushinda juani akitwisha watu na hakuna amtwishaye. Mama Zuhura akachota kwa kiganja chake, akaniwekea kwenye kiganja changu, nami nikayamwaga juu, penye chuma. Zege likabadilika rangi. Ndipo nikaitua ndoo pale, ikakaa sawasawa. Nikaweka mkono kando yake. Pembetatu yangu ya ubaoni ilikuwa baridi, na ina mchanga mchanga. Kisha sote tukanywa, tukala muhogo, na mabibi wakacheza mpaka vumbi likafunika shimo la mwizi.

Wakati wa kuondoka niliinamisha kichwa, nikaingia chini ya ndoo, nikanyanyuka nayo peke yangu. Walipiga vigelegele, na Mama Zuhura ndiye aliyepiga kirefu kuliko wote.

Nyumbani

Siwaambii ya njiani, maana tuliimba tu. Uani tulikuta kisamvu kimebandikwa, nikasukuma kuni motoni, tukaingia ndani. Bi Somoe tulimkuta kitandani, ametazama ukuta. Tulimwamkia. Mume wangu alisimama mlangoni. Nikamwambia mama, "Wifi yako bado amesimama."

Nikampa simu aone picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Siku hizi simu inaweza kumpamba hata nyani akaolewa," alisema. "Niambie kitu kimoja. Mlipofika, nani alianza kunywa?"

"Yeye, mama. Sisi tukafuata."

Mama Zuhura alikuwa amenishika kanga kwa nyuma, nahisi vidole vyake. Kisha Bi Somoe akateremsha mguu mmoja kitandani, mguu uleule, ukagusa sakafu. Akaweka na wa pili. Mume wangu akaruka kumshika, mama akamfukuza kwa mkono.

"Wewe kaa huko, hii si kazi yenu," alimwambia. Akatugeukia sisi wawili. "Leteni bakuli la maji. Nitwisheni."

Tulimwekea bakuli dogo kichwani, mimi upande huu na wifi yangu upande ule. Tukaachia. Akasimama. Akavuka chumba, akavuka kibaraza, akaingia uani polepole na shingo imenyooka, na alipofika katikati akaniita, bila kugeuka, niende nikautazame moto wangu, kwa sababu kisamvu kilikuwa kinaungua.